Tulivyofundishwa Kushuka Mteremko

Saa tisa mchana, juu ya mteremko wa Sachang'wan, Rispa aliniuliza, "Mulamwa, niweke ngapi?"

Nikamwambia, "Weka frii."

Alinitazama kidogo, kisha akakanyaga klachi na kutoa gia. Kirungu cha gia kikalegea katikati. Injini ikapunguza sauti, na lori yenye gunia mia mbili za mahindi ikaanza kwenda yenyewe. Kwa wasiojua, frii ni pale gia haimo popote. Injini haivuti na haishiki. Kinachobaki kushikilia mzigo wote ni breki peke yake.

Kona ya kwanza breki zilishika. Kona ya pili zikashika nusu, na harufu ikaingia ndani, kama mtu anachoma kiatu cha mpira. Rispa alikanyaga tena na tena, na kila alipokanyaga nilisikia upepo wa breki ukitoka na kuona sindano ya kipimo chake ikirudi chini. Akajaribu kuingiza namba tatu. Gia ikalia chuma kwa chuma, ikakataa. Akajaribu nne. Ikakataa.

"Haiingii," akasema. Hakupiga kelele. Alisema vile mtu husema chumvi imeisha.

Mbele yetu, kushoto, kulikuwa na watu wanauza viazi na karoti kando ya lami. Kulia, ng'ambo ya njia ya wanaopanda, kulikuwa na ukingo wa udongo uliokatwa wakati barabara ilipotengenezwa. Rispa alishika honi bila kuiachia. Akangoja basi moja lililokuwa linapanda litupite, halafu akazungusha usukani wote kwenda kulia. Gari zetu usukani uko kulia. Ukingo ulitupokea upande wa Rispa.

Mimi nilitolewa kwa mlango wa kushoto nikiwa hai, paja limevunjika mara mbili. Rispa walimtoa jioni, baada ya kukata chuma. Kati ya wale wauza viazi hakuna hata mmoja aliyeguswa.

Waliofanya hili nitawataja, na mimi nikiwa mmoja wao. Lakini siwezi kuanzia Sachang'wan, maana hatukuanzia huko.

Nilianzia Kibera, ninakoishi mpaka leo. Naitwa Ainea, watu wa plot, hizi nyumba zetu za kupanga, wananiita Baba Eddah. Nilisoma mpaka darasa la sita, Vihiga, nikaja Nairobi kubeba. Nimebeba mchanga, nimebeba mawe, na miaka kumi na moja ya mwisho nilibeba simiti kwa hadiwea ya Mzee Gachanja, duka la vifaa vya ujenzi pale Kawangware, stendi ya 56. Kila asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu, nikafuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, nikapinda Naivasha Road. Nikifika nilikuwa nishachoka kabla ya mfuko wa kwanza.

Gachanja ni mtu wa hapo tangu babu yake. Ana plot tatu za kupangisha mtaa wa Kabiro, ana hadiwea, na ana lori moja ya tairi kumi. Nilikuwa nikipakia hiyo lori na kuenda nayo kama taniboi, yule wa kufunga turubai na kuweka jiwe chini ya tairi. Miaka yote hiyo nilikaa kushoto. Mgongo ulipoanza kunikataa, nilijiambia kama sitapata kiti cha kulia, basi nitarudi nyumbani kungoja kuzikwa. Leseni ya gari ndogo nilikuwa nayo tangu ujana. Nikaamua kusomea ya lori.

Shule ilikuwa hapo hapo 56, chumba kimoja juu ya saluni. Mwenye shule na mwalimu alikuwa mtu mmoja, Kimotho, shemejiye Gachanja. Mtu wa maneno mengi, shati limepigwa pasi, viatu vyake havijawahi kuona tope hata msimu wa mvua. Tulikuwa wanafunzi saba. Wa saba alikuwa Rispa.

Rispa alikuwa anakaa mtaa wa Kongo, hapo hapo Kawangware, nyuma ya soko. Alikuwa ameendesha pikapu ya mayai miaka minne, akizungukia maduka, mpaka mwenye pikapu akaiuza. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha kwa mamake, karibu na Bungoma. Alitaka lori kwa sababu lori ndiyo ingemfikisha huko mara kwa mara, na mshahara wake ungewarudisha kwake. Mke wangu ni Mbukusu kama yeye, basi siku ya kwanza tu akaanza kuniita mulamwa, yaani shemeji, na shemeji kwetu ni mtu wa kutaniwa mpaka aombe msamaha.

"Mulamwa, umekuja kusoma ama umeletwa na wajukuu?"

"Nimekuja kuona kama mtu wa mayai anaweza kubeba simiti."

"Simiti ikianguka unaokota. Yai likianguka unalia. Nani ako na kazi ngumu hapo?"

Wiki tatu za kwanza tulisomea mezani. Kimotho alikuwa na ubao mkubwa, umechorwa mji: barabara, mzunguko, reli, mahali pa kuvukia watu. Juu yake kulikuwa na kigari cha mbao. Unasukuma kwa kidole, unasema kwa sauti, naonyesha taa, naangalia kioo, naingia mzunguko. Mimi vidole vyangu vimekufa ganzi kwa simiti, kigari kilikuwa kinapanda reli kila siku. Rispa alicheka mpaka akashika ukuta. Ule mji wa Kimotho ulikuwa tambarare wote. Hakukuwa na kilima hata kimoja. Wakati huo hakuna mtu aliyeona hilo kama kitu.

Baada ya meza tulipelekwa kwenye lori. Nasema lori kwa heshima. Ilikuwa ya zamani ya Gachanja, imewekwa juu ya mawe kule Kongo, haina betri wala tairi za nyuma. Wanawake wa plot walikuwa wanaanika nguo kwenye bodi yake. Tulipanda mmoja mmoja, tukakaa kulia, tukakanyaga klachi na kusukuma kirungu cha gia ambacho namba zake zilikuwa zimefutika zote. Kimotho alisimama chini, akauliza kama katekista, na sisi wote tukajibu.

"Unaondoka. Namba?"

"Moja."

"Umeona kilima. Namba?"

"Tatu."

"Umefika juu, sasa ni kushuka. Namba?"

"Frii."

"Kwa nini?"

"Kuokoa mafuta."

Alipenda sana hapo. Alituambia Mungu ameshakupatia mteremko, wewe unachoma dizeli ya nini? Alisema tajiri hatazami umeendesha vipi, anatazama umerudi na mafuta kiasi gani, na dereva asiyejua frii haajiriwi 56 yote. Tulikariri hivyo kila siku, asubuhi na mchana, wiki baada ya wiki, mpaka neno likawa mkononi. Ukisema mteremko, mkono wangu ulijiendea katikati.

Siku moja Rispa alikuwa juu, ameshika usukani wa ile lori maiti. Akauliza, "Mwalimu, na ikiwa imebeba?"

"Ikiwa imebeba inashuka vizuri zaidi. Uzito unasaidia."

"Na kuisimamisha?"

Kimotho akatugeukia sisi wengine, akatabasamu. "Huyu mama bado anaogopa kuvunja mayai."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nishakaa kushoto miaka mingi na nilijiona najua. Rispa hakuuliza tena.

Siku ya mtihani tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi, tukaitwa saa saba. Kwanza tena ubao, tena kigari. Nilikivusha reli bila kukipandisha, nikaona kama nimepasua mlima. Halafu tukatolewa nje kwa lori ambayo Kimotho alikodi kwa siku hiyo, tupu, haina hata mfuko nyuma. Mtahini alikaa kando yangu, simu mkononi. Akasema nenda mpaka kwa lile geti, geuza, rudi. Nikaenda mpaka kwa lile geti, nikageuza, nikarudi. Barabara ilikuwa nyoofu kama meza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa dereva wa lori katika nchi hii. Rispa naye alienda getini akarudi. Kimotho alitununulia soda sisi wote, akasema hajawahi kupata darasa zuri kama hili.

Wiki iliyofuata, dereva wa Gachanja aliacha kazi. Alinipa mkono, akaniambia amepata kampuni ya Mombasa Road, lakini macho yake hayakuwa ya mtu aliyepata. Gachanja akatuita, mimi na Rispa, mbele ya hadiwea.

"Dereva mzima sina haja naye," akasema. "Wewe nusu dereva, yeye nusu dereva. Nikiwajumlisha napata mmoja, na mnalipwa kama mmoja."

Rispa akasema, "Mzee, nusu gani itaendesha na nusu gani italala?"

"Mtajua wenyewe. Mmesomeshwa."

Kisha akatuonyesha kijiti. Kilikuwa cha mti wa kawaida, kirefu, amekata alama kwa kisu karibu na mwisho. Kabla ya kuondoka anajaza tangi mwenyewe, na ukirudi kutoka Western, upande wa Bungoma, anaingiza kijiti. Dizeli ikiwa chini ya alama, ni yako hiyo uliyoiba. Nilimuuliza kama hiyo inatosha kweli.

"Inatosha," akasema. "Mkishuka vizuri inatosha."

Hakutaja frii, hata siku moja. Yeye alisema kushuka vizuri. Kimotho ndiye alitufundisha maana yake, na nusu ya ada za Kimotho zililipia kodi ya ile lori maiti ya Gachanja. Nataka msomaji akumbuke hilo akifika mbele.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, tuliondoka 56. Tulikuwa tumebeba magodoro na viti vya plastiki, mzigo mrefu kama nyumba lakini mwepesi. Mimi ndiye nilianza. Rispa alikaa kushoto na chupa ya chai kwa mapaja.

"Mulamwa, unashika usukani kama sahani ya moto."

"Wewe kunywa chai yako."

"Nakunywa haraka, kabla hujaimwaga."

Tulipita Kikuyu, tukapita Rironi, ukungu umekaa juu ya mashamba. Mteremko wa Mai Mahiu ulipoanza, mkono wangu ulienda wenyewe. Frii. Lori ikateleza chini kama maji, bonde lote liko kushoto kwetu, na nikikanyaga breki inaitika. Nilishuka mpaka chini bila shida yoyote. Siwezi kudanganya, nilisikia raha. Miaka arobaini na saba, na hatimaye kitu kikubwa kinanitii. Nikamwambia Rispa, unaona, Kimotho anajua kazi yake. Magodoro. Nilikuwa nimeshusha magodoro, nikajiona bingwa.

Mchana tulisimama Salgaa, mahali madereva wa lori wanakula. Rispa alikuwa ameshachukua usukani tangu Nakuru. Tuliketi benchi moja na dereva wa trela, mtu mzima, mvi kichwani, anakula nyama na ugali bila haraka. Akatuuliza tumetoka wapi na tumebeba nini. Kisha akauliza tulishuka Mai Mahiu na namba gani.

"Frii," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Nani aliwafundisha?"

"Mwalimu. Kawangware."

"Hapo mbele mnapanda. Mkirudi hapo hapo mtashuka, na mtakuwa mmebeba. Hesabuni namba mtakayopandia. Ukipanda na tatu, unashuka na tatu. Na uiweke ukiwa bado juu, kwa sababu ukishaanza kukimbia haitaingia."

Rispa alimuuliza mambo mawili matatu. Alimsikiliza vile hakuwahi kumsikiliza Kimotho. Tulipoondoka, yeye ndiye alikuwa anaendesha, na tulipokuwa tunapanda Sachang'wan nilimsikia akisema peke yake, "Tatu. Hapa ni tatu."

Nikamwambia yule mzee ana kampuni inamjazia tangi. Hana kijiti.

Jioni tulifika Bungoma, tukashusha magodoro asubuhi yake. Kabla ya kuenda kwa mzigo wa mahindi tulipitia kwa mamake, kwa sababu barabara inapita karibu. Watoto wa Rispa walitoka mbio. Majirani nao wakatoka, maana hawakuwa wameona mwanamke akishuka kwenye lori kubwa upande wa kulia. Mamake, tunamwita Mama Nekesa, alizunguka lori yote. Akapanda ngazi ya mlango, akashika usukani kwa mikono miwili, akashuka.

"Na hii yote inakusikiza wewe?" akamuuliza binti yake.

"Ikitaka, mama."

"Na huyu?" akanionyesha mimi.

"Huyu ni mzigo wa kushoto."

Wakacheka. Tulikula ugali na mrenda na samaki wa kukaanga, na Mama Nekesa akaniambia nimtunze mtoto wake barabarani kwa sababu mimi ni mkubwa. Nikasema nitamtunza. Hilo nililisema mbele ya watu.

Mahindi tulipakia Jumatano. Tulikubaliana gunia mia moja na themanini. Mwenye mahindi alikuwa na mengine, akampigia Gachanja simu, na Gachanja akaniambia mimi, "Ongeza ishirini, nafasi iko." Nilitazama tairi za nyuma zilivyobonyea. Rispa alisema hapana. Nilisema simu ni ya mzee, tutafanyaje. Tukaongeza ishirini.

Alhamisi saa tatu asubuhi tuliondoka. Kupanda kutoka Eldoret mpaka Timboroa lori ilikula dizeli kama ng'ombe aliyefungwa siku tatu. Juu, kwenye baridi, nilishuka na fimbo niliyokuwa nimeipima sawa na kijiti cha Gachanja, nikaingiza kwenye tangi. Tulikuwa tumeshafika kwenye alama, na Nairobi bado. Nikampigia.

"Mzee, mafuta hayatoshi. Mzigo ni mzito."

"Mteremko bado uko mbele yenu ama nyuma?"

"Uko mbele."

"Basi shukeni vizuri. Mtu akinunua mafuta barabarani, ni mfuko wake." Akakata.

Nilimwambia Rispa alichosema. Tuliendelea mpaka Mau Summit. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba nikirudi na tangi kavu nitaambiwa nimeiba, nitarudi kubeba simiti na huu mgongo. Tukafika juu ya Sachang'wan. Na hapo ndipo aliniuliza niweke ngapi. Alijua ni ngapi. Yule dereva wa Salgaa alikuwa amemwambia, na yeye mwenyewe alikuwa amehesabu. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa, na mimi ndiye nilikuwa na simu ya mzee. Alitaka niseme tatu.

Nilisema frii. Hayo mengine nimeshaeleza.

Siku ya nne, hospitalini, mguu umening'inizwa na kamba, Gachanja alikuja na Kimotho na polisi mmoja. Walileta maji ya chupa na ndizi. Hawakuuliza Rispa alikufa vipi. Gachanja alikuwa na karatasi imeshaandikwa, Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha alama za barabarani. Kimotho akanisomea, akitafsiri. Kwamba tulitoka Bungoma, kwamba mzigo ulikuwa mahindi, kwamba breki zilipotea. Nikasema ndivyo. Akanipa kalamu, akanishikia karatasi isiteleze, na nikaandika jina langu.

Nilikaa hapo wiki tisa. Niliporudi Kibera, binti yangu Eddah, ambaye amemaliza sekondari, alipata nakala ile, akaniketisha kitandani akanisomea yote. Kimotho alikuwa ameruka sehemu. Ile karatasi inasema dereva alitoa gia kwa hiari yake, kinyume na mafunzo aliyopewa shuleni na kinyume na amri ya mwenye gari, ili abakize mafuta ayauze njiani. Inasema taniboi wake alimwona akifanya hivyo na amethibitisha. Taniboi ni mimi. Hata leseni yangu haikutajwa.

Eddah alisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, ni kweli aliiba?"

Mtoto wangu mwenyewe.

Kwa sababu ya ile karatasi, Gachanja hakutoa hata jeneza. Alisema hazikwi mwizi kwa pesa ya aliyeibiwa. Kampuni ya bima ilishika neno hilo hilo. Na habari ilifika Bungoma kabla ya mwili. Mazishini, nimeambiwa, watu walikuja wachache, na mtu alimtupia mkubwa wa watoto maneno kwamba mamake aliuawa na dizeli ya wenyewe. Kimotho bado anafundisha. Amepata wanafunzi wengine, nimewasikia nikipita Kongo na magongo yangu, wamesimama kando ya ile lori iliyo juu ya mawe. Anauliza namba, wanaitika. Nilisimama, nikawaambia huyo mtu anawadanganya. Kimotho akawaambia msikilizeni, huyu ndiye alikuwa taniboi wa yule mama. Wakacheka, kama tulivyocheka.

Nilirudi kituo cha polisi mara tatu kubadilisha maneno yangu. Mara ya tatu, ofisa mmoja mzee alinipa kiti. Akaniambia neno langu peke yake halitoshi, kwa sababu limeshapingana na saini yangu. Akasema faili itafunguliwa kama mwenye gari atakuja aeleze kuhusu mafuta, na mwalimu aeleze alichofundisha. Nikamuuliza nani atawaleta. Akasema, "Wewe ndiye unawajua."

Mwezi uliopita, mguu ulipoanza kubeba, nilienda Bungoma kwa basi. Tulipopita Sachang'wan nilifunga macho, na hata hivyo nilijua tulipo. Nilimkuta Mama Nekesa uani, anapepeta maharagwe. Hakuniambia nikae. Nilisema nikiwa nimesimama, magongo yote mawili chini ya makwapa. Nilimwambia Rispa hakuiba. Nilimwambia aliuliza, na mimi ndiye nilimjibu vibaya. Nilimwambia kuhusu kijiti, kuhusu gunia ishirini za juu, kuhusu simu ya Timboroa, kuhusu karatasi niliyoandika jina bila kujua. Nilimwambia kuhusu basi alilolingoja lipite na wale watu wa viazi ambao wako hai.

Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Mtoto mkubwa yuko shuleni," akasema. "Akirudi utamwambia haya yote tena, maneno kwa maneno. Na wale wengine uliowataja, wanakuja lini?"

Nikasema sijui.

"Kuna kiti ndani," akasema. "Kaa ungoje mtoto."

Nikangoja. Nikamwambia mtoto. Ana miaka kumi na miwili. Alisikiliza akiwa ameshika begi lake la shule.

Hilo ndilo fungu langu, na nitalirudia kortini, kanisani, popote nitakapoitwa. Wanifunge wakitaka, mimi ndiye nilisema lile neno. Lakini Gachanja, wewe wa hadiwea ya 56, wewe wa plot tatu za Kabiro: nenda kituoni useme ulijaza mafuta kiasi gani, na uliniambia nini kwa simu nikiwa Timboroa. Kimotho, wewe wa juu ya saluni: nenda useme ulitufundisha nini Kongo kila asubuhi, na ulimjibu nini Rispa alipokuuliza kama lori imebeba. Semeni kwa lugha ambayo kila mtu anasikia, na muandike majina yenu chini yake. Kisha mfunge safari mpaka kwa yule mama, mwende mkamwangalie yule mtoto machoni, mmwambie mamake hakuwa mwizi. Nimeshamwambia mimi. Amesema anataka kusikia kutoka kwenu.